Nusu Nyingine ya Picha

Picha ile ilikaa juu ya kitanda chetu tangu wiki tuliyooana, na ni mimi mwenyewe niliyeitundika. Niliikuta kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya nyingine nyingi, imegeuziwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikaigeuza. Ilikuwa na meza ya mbao, dirisha lenye mwanga wa asubuhi, na mkono wa mwanaume umelala juu ya meza, vidole vimenyooka hadi ukingoni mwa picha.

"Hii naitaka chumbani," nikamwambia mume wangu.

Aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Zipo nzuri zaidi ya hiyo."

"Nimeipenda hii hii. Huu mkono si wako? Unatafuta nini hapo?"

"Hautafuti kitu. Umepumzika tu."

Nikaamini. Mume wangu si mtu wa maneno. Wenzake wa chuo cha sanaa walimbatiza jina la Kimya, likamganda mpaka leo. Mimi nafundisha udereva; nashinda nikipiga kelele "breki, breki!" kutwa nzima, kwa hiyo nikirudi nyumbani nikakuta mtu anayesikiliza tu, naona nimepata bahati. Nilimpatia garini huyo huyo Kimya. Alikuwa mwanafunzi mbovu kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na gari kurudi nyuma lilimshinda kabisa. Lakini tulipokuwa tukisimama kwenye taa nyekundu, alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho mpaka taa inabadilika na madereva wa nyuma wanatupigia honi na kututukana.

Mama yake hakunitaka. "Mwanamke anayeshinda barabarani na waume za watu kwenye kigari kidogo," alisema, nami nimekaa mbele yake na sahani ya biskuti mapajani. Baadaye alinizoea, maana nilimpeleka kliniki kila mara goti lilipomsumbua. Wifi yangu, mdogo wake Kimya, yeye hakunizoea. Alinivumilia.

Basi chuo kikaandaa maonyesho ya kazi za wote waliowahi kusoma pale. Kila mmoja aliombwa alete kazi moja mpya na moja ya enzi za uanafunzi. Kimya akaishusha picha yetu ukutani, akaifunga kwenye shuka.

"Usimwache huko huyo," nikamtania. "Nimeshamzoea."

Hakucheka. Nikadhani ni wasiwasi wa maonyesho.

Siku ya ufunguzi nilitoka kazini moja kwa moja. Gauni la bluu nililivalia chooni kwenye kituo cha mafuta, wanja nikapakia kwenye kioo cha gari, kisha nikawapitia mama mkwe na wifi. Gari letu la mafunzo lina kibao kikubwa cha mwanafunzi juu ya paa. Tulipokaribia chuo wifi akaanza kujikunyata kwenye kiti.

"Si ungekiondoa hicho, wifi? Watu watasema nini?"

"Kimefungwa kwa skrubu."

"Basi tuegeshe mbali."

Nikaegesha chini ya madirisha ya ukumbi. Makusudi.

Ndani kulinuka rangi mbichi ya ukuta. Watu walishika glasi za juisi na kutembea taratibu, kama waliovaa viatu vinavyobana. Kulikuwa na viti vya chuma chakavu vyenye kamba kuvizunguka ili mtu asivikalie. "Sasa kiti kisichokaliwa ni cha nini?" mama mkwe akauliza kwa sauti, na bwana mmoja mwenye ndevu, bila shaka mwenye viti vyake, akageuza uso. Kazi mpya ya mume wangu niliiona kwanza: ua wetu wa nyuma, nguo zimeanikwa kambani, na katikati yake soksi zangu za kazi. Nikacheka peke yangu. Nikajisemea, leo na mimi nimetundikwa.

Halafu nikaona watu wamejazana kwenye ukuta wa mwisho, nikaenda.

Nililiona kwanza dirisha langu. Nasema langu kwa sababu nimeamka chini yake kila siku ya ndoa yangu. Nikaiona meza. Nikauona mkono. Jicho langu likafuata vidole, na vidole havikuishia ukingoni kama vinavyoishia nyumbani. Palikuwa na picha nyingine imebanwa ubavuni mwa ile yetu, hata unywele haupiti katikati. Huko meza iliendelea, mwanga uliendelea, na mwanamke alikuwa amekaa. Shati la kiume, vifungo vya juu havikufungwa. Shingo kailaza upande. Mkono wake ulikuwa chini ya vidole vya mume wangu, na alikuwa anamtazama mwenye vidole kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria likifunuliwa.

Chini yake kadi moja, majina mawili. La mume wangu na la mwanamke.

"Haa!" wifi akasema nyuma yangu. "Hatimaye wamekutana!"

Mama mkwe akamfinya. Niliona kule kufinya, na ndiko kulikonimaliza. Mtu hafinywi kwa jambo ambalo halipo.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unajua?"

"Kujua nini, mwanangu? Hayo mambo ya shule. Ya utoto."

"Hao wanaonekana watoto?"

Mama mkwe aliitazama picha kwa muda. Akarekebisha mtandio wake. "Twende tukatafute juisi," akasema.

Kimya akatokea katikati ya watu, shati jeupe nililompigia pasi asubuhi. Aliponiona uso ulimbadilika, kwanza ukafurahi, kisha ukaona nimesimama wapi.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Umefika."

"Nimefika. Nimekuta mgeni chumbani kwangu."

Alifungua mdomo. Kipaza sauti kikalia, mkuu wa chuo akasimama jukwaani, na mdomo wa mume wangu ukafungwa tena kama ulivyozoea.

Mkuu aliongea mengi ambayo siyakumbuki. Mwishoni akanyoosha mkono kuelekea ukuta ule. Alisema picha hizi mbili zilichorwa na wanafunzi wawili katika mwaka wao wa mwisho, kila mmoja akaondoka na yake, na leo ndiyo mara ya kwanza zinakaa pamoja tena. Watu wakasema "oooh." Akasema chuo kimewaomba wawili hao wachore ukuta mzima wa maktaba mpya. "Pamoja," akasema, "kama zamani." Watu wakapiga makofi.

Nami nikapiga. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Nilikuwa sijaambiwa habari za ukuta wowote.

Wakaitwa mbele. Hapo nikamwona. Mfupi, nywele kazikata chini kabisa, hereni moja sikio moja, na miguu isiyo na haraka. "Kidosho! Kidosho!" wenzake wakapiga miluzi, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo. Alimshika mume wangu kiwiko, akamnong'oneza kitu, na Kimya akacheka. Si lile tabasamu la nyumbani analolitoa kwa mafungu. Alicheka mpaka magego yakaonekana. Nikajiuliza ni mara ngapi mimi nimeyaona magego yale.

Nilitoka kwenda kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, penye mabomba ya kuoshea brashi. Nilifungua maji, nikaacha yatiririke mikononi.

"Wifi!"

Nikageuka. Alikuwa yeye, na harufu ya marashi mepesi.

"Wifi yangu yupo ndani anakunywa juisi," nikasema. "Ninaye mmoja, na ananitosha."

Hakukasirika. Aliegemea sinki la pili. "Samahani. Nilidhani nikikuita hivyo utajua sina ubaya."

"Una nini, basi?"

"Unauliza moja kwa moja."

"Kazi yangu ni barabarani. Mtu akisitasita, tunagongwa."

Akacheka, na nikachukia kuona kwamba kicheko chake ni kizuri. Kwa karibu alikuwa na mikunjo midogo chini ya macho na rangi ya kijani kwenye kucha. Hakuwa yule wa kwenye picha. Afadhali angekuwa yule, kwa sababu yule ningeweza kujiambia ni mtoto.

"Nusu yangu imekuwa sebuleni kwangu muda wote huu," akasema. "Kila anayekuja ananiuliza huyu mwanamke kashikwa na nani. Na wewe, wageni wako hawaulizi?"

"Yangu iko chumbani. Haina wageni."

Hilo lilimgusa, nililiona likimgusa. Aliangalia chini.

"Juu ya kitanda?"

"Juu ya kitanda."

"Hakuniambia."

"Mimi pia kuna mengi hakuniambia. Sasa nijibu. Unamtaka mume wangu?"

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Alinyoosha mkono, akayafunga.

"Mimi ndiye niliyemwacha," akasema. "Nilipata kazi mbali, nikaona nitamkuta tu palepale nikirudi, kama mtu anavyoacha koti nyuma ya mlango. Jana tulipokuwa tunatundika, nilimuuliza kama kuna nafasi. Ndiyo, dada, nilimuuliza. Sitakudanganya, maana hata ningekudanganya ungeniona."

Nilishika ukingo wa sinki. "Akakujibu nini?"

"Alinijibu."

"Nini?"

"Hilo kamuulize mwenyewe. Mimi nimeshasema langu, na halikuwa jepesi."

Akaondoka na miguu yake isiyo na haraka.

Sikurudi ukumbini. Nilizunguka kwa nje, nikaingia kwenye gari, nikakaa kwenye kiti cha mwalimu, mguu umelala juu ya breki yangu ya akiba kama kawaida. Haikupita muda, mlango wa dereva ukafunguliwa na Kimya akaingia.

"Mama anakutafuta," akasema.

"Mwambie mwanawe kanipata. Kwa nini hukuniambia?"

"Ile picha uliitaka wewe."

"Nilitaka mkono! Sikutaka mkono wenye mwanamke ng'ambo ya pili. Ungeniambia siku ile ile, 'Hii tulichora na mtu niliyempenda.' Maneno machache tu, hata wewe ungeyaweza."

"Ungeitoa."

"Ndiyo, ningeitoa!"

"Na ungeniuliza yote."

"Mke haulizi?"

Alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Niliogopa. Ulikuwa umefurahi, umesimama juu ya kitanda na nyundo, unaniuliza kama imenyooka. Nikasema nitamwambia kesho. Kila kesho ikawa na kesho yake."

"Na maktaba?"

"Niliambiwa jana. Sijawajibu."

"Na yeye? Yeye umemjibu."

Aligeuka haraka. "Amekwambia?"

"Ameniambia alikuuliza. Jibu kaniachia nilitafute kwako. Mwanamke mgeni kabisa kaniambia ukweli kwenye sinki la brashi, na wewe ninayelala nawe nakuchimba kama kisima. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimeoa."

Nilingoja. Nilidhani kuna kingine kinakuja nyuma. Hakikuja.

"Basi?"

"Basi."

"Hilo si jibu," nikasema, na sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Hicho ni cheti. Hata mtu anayemchukia mkewe anaweza kusema nimeoa. Umemwambia mlango umefungwa. Hukumwambia kama ndani kuna mtu unayemtaka."

"Unajua ninavyokupenda."

"Sijui! Nakisia. Nimekaa nawe nikikisia, na nilikuwa naona ni sawa kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo ulivyo kwa kila mtu. Leo nimeona unavyocheka. Kumbe unaweza. Kumbe ni mimi tu ninayepewa nusu."

Halafu akasema, taratibu, huku anatazama dirisha la mbele:

"Yule wa benki bado anajifunza?"

"Nani?"

"Yule anayekuletea soda baridi. Mwenye saa kubwa. Anayechukua somo la tatu sasa baada ya kupata leseni."

"Umejuaje?"

"Ulinisimulia ukicheka. Wewe unanisimulia wote. Yule wa benki, yule daktari aliyekuambia una mikono mizuri, yule mzee anayetaka kukuozesha kwa mwanawe. Unacheka, na mimi nakoroga chai. Unadhani sioni wivu? Naona. Unanipanda mpaka hapa." Aligusa koo. "Nameza."

"Kwa nini unameza?"

"Mama alikusema vibaya kwa ajili ya kazi yako. Niliapa sitakuwa wa pili."

Nilikuwa na hasira bado, na hasira ile ilikuwa imekosa mahali pa kukaa.

"Na leo," nikasema, "picha zilipogusana. Ulihisi nini? Usinidanganye."

Aliniangalia usoni. "Moyo ulinishtuka."

Iliniuma. Iliniuma pale pale nilipotaka kujua. Nilikaza macho nisilie, maana wanja ule ulinigharimu subira.

"Asante," nikasema.

Akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumjibu vizuri."

Akaondoka. Madirisha ya ukumbi yalikuwa juu yangu, na taa za ndani zilinionyesha kila kitu kama kwenye televisheni iliyozimwa sauti. Nilimwona akipita katikati ya watu. Nilimwona Kidosho amesimama na yule mwenye ndevu. Kimya alisema kitu, mwenye ndevu akasogea pembeni. Kisha mume wangu akaongea. Niliona mikono yake inakwenda juu na chini, mikono ambayo nyumbani haipandi juu ya meza. Kidosho alianza kwa kucheka, halafu akaacha kucheka. Mume wangu bado anaongea. Nikajisogeza mpaka paji la uso likagusa kioo. Anamwambia nini muda wote huo? Mtu hutumia maneno mangapi kusema hapana? Nilimwona Kidosho akiinua mkono, akamgusa mume wangu begani, na mkono ukakaa pale. Nikahesabu pumzi zangu. Nikashika kitasa cha mlango. Nikakiachia. Nikakishika tena.

Mkono ukashuka. Kidosho akageuka upande wa dirisha, na sijui kama aliniona, lakini aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesalimia jirani.

Kimya alirudi anahema.

"Amekushika bega," nikasema kabla hajakaa.

"Ndiyo."

"Muda mrefu."

"Alikuwa analia."

"Kwa nini alie? Umemwambia nini?"

Alivuta pumzi. "Nimemwambia jana nilikosea. Nilisema nimeoa kama mtu anayetoa udhuru wa kazini. Nimemwambia nina mke ninayemsubiri arudi, kila siku, na nikisikia gari lake nazima redio ili nilisikie vizuri likiingia. Nimemwambia nilimpenda yeye, na hilo sitalifuta. Lakini akirudi nyuma miaka kumi akanikuta nimekaa kwenye ile meza, yule wa wakati ule atamfuata. Mimi sitamfuata. Nimemwambia zile picha zikae pamoja hapa chuoni, ya kwetu hairudi nyumbani. Ukuta wa maktaba auchore peke yake au na mwingine."

"Ukuta uliutaka?"

"Sana."

"Basi usiukatae kwa ajili yangu halafu uje uninunie uzeeni. Hilo la ukuta tutalizungumza." Nilijifuta jicho, wanja ukabaki kidoleni. "Ila kwanza nataka kujua mengine yote."

"Yote yapi?"

"Yenu. Mlikutana vipi. Shati lile ni la nani. Nani aliwaza kuchora meza. Aliondokaje. Ulilia?"

"Mwalimu, kuna faida gani?"

"Sitaki faida. Nataka kusikia kutoka kwako, si kwa wifi, si kwenye kadi ya ukutani."

Mama mkwe na wifi walikuwa wamesimama mlangoni mwa ukumbi wanatutazama. Mama mkwe akamshika wifi mkono, akamrudisha ndani.

Kimya akakiegemea kiti. "Shati lilikuwa langu," akasema.

Nilijua litakuwa lake. Hata hivyo lilinichoma kama maji ya moto. Akanitazama kuona kama aishie hapo, kama tuwashe gari twende.

"Endelea," nikasema.